Koti la Baba

Jumatatu iliyopita nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, na chanzo kilikuwa sweta. Mtoto wangu wa miaka minne alikuwa anapiga chafya, mvua ya Kisii imeanza kumwagika asubuhi asubuhi, na mimi napindua magunia. Nina magunia matatu ya nguo za mitumba chini ya kitanda, mfuko mwingine juu ya kabati, na mwingine nyuma ya mlango, ndiyo maana mlango wetu haufunguki wote. Nilipata sweta tano. Moja ya mtoto wa miezi sita. Mbili za mtoto wa darasa la nne, ambazo nilinunua nikijiambia, "Si atakua?" Ya nne mkono wake umeliwa na panya. Ya tano ni ya mbwa. Usicheke, ni ya mbwa kweli, ina matundu manne ya miguu, na niliinunua kwa sababu mwenye kuuza aliandika kwenye kikundi chetu cha simu kwamba ni kamera, yaani daraja la kwanza, beli limefunguliwa sasa hivi, hakuna mtu ameigusa. Sweta tano ndani ya nyumba ya chumba kimoja, na mtoto akaenda shule amefungwa shali yangu.

Hapo nikapandwa na hasira za kila aina. Nikawakasirikia wanaouza usiku na mchana kwenye simu. Nikamkasirikia rafiki yangu mmoja aliyenishauri ninunue makasha ya plastiki ya kupangia nguo, yaani ninunue vitu vya kuwekea vitu! Lakini zaidi nilijikasirikia mimi, kwa sababu mimi sikulelewa hivyo. Mimi nililelewa na mwanamke ambaye angeingia katika chumba hiki, aangalie juu, aangalie chini, halafu aulize neno moja tu.

"Za nani?"

Huyo alikuwa nyanya yangu, mama yake marehemu baba yangu. Tuliishi naye juu ya Masimba, kwenye vile vilima vya chai ambako ukungu huondoka saa nne kama mgeni aliyeshiba. Tulikuwa watatu: nyanya, mama yangu, na mimi. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, na ungeweza kuifagia yote bila kusogeza kitu. Si kwamba tulikosa kila kitu. Tulikuwa na sufuria tatu zilizong'aa, blanketi za kutosha, nguo ya kanisa, nguo ya shule, nguo ya shamba. Basi. Kila kitu kilijulikana kwa jina la mwenyewe. Nyanya alikuwa na msemo wake, na sijausikia kwa mtu mwingine: nguo isiyo na mwenyewe ni mgeni asiyeaga. Inakuja, inakaa, inakula nafasi, na huwezi kuiambia nenda.

Sisi ni Wasabato, na Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya kuandaa. Nakumbuka harufu ya siku hiyo hadi leo: chinsaga, mboga yetu chungu, ikichemka taratibu na maziwa hadi uchungu wake uishe, unga wa wimbi umesagwa, sakafu imepakwa samadi mpya na bado ina ubaridi chini ya nyayo. Kabla jua halijazama nyanya alipita kila kona akigusa vitu. "Hii ya nani?" Ukijibu haraka, inabaki. Ukisema "eeh..." imekwenda. Aliifunga kwenye leso na kuwapelekea akina mama wa kanisa, ambao walijua nani ana mtoto mchanga na nani nyumba yake imeungua. Nilipoteza gauni la waridi namna hiyo. Lilikuwa limenibana kwapani miezi mingi na nililipenda kwa kufa. Kesho yake nikaliona kanisani limevaliwa na mtoto wa jirani, limemkaa kama alizaliwa nalo, na sikumsemesha huyo mtoto hadi Pasaka.

Lakini jambo ninalotaka ulijue ni zile kamba.

Nyuma ya mlango kulikuwa na misumari mitatu, na kila msumari ulikuwa na kamba ya mgomba, ile inayosokotwa kwa ganda lililokauka. Kamba yangu, kamba ya mama, kamba ya nyanya. Kila kamba ilikuwa na mafundo. Kutoka mwisho hadi fundo la kwanza ni upana wa mabega. Hadi la pili, urefu wa mkono. Hadi la tatu, kutoka bega hadi gotini. Yangu ilisokotwa upya kila shule ilipofungwa, kwa sababu nilikuwa narefuka kama mkalitusi. Nyanya alipokwenda sokoni kununua mitumba alibeba kamba moja tu, ya mtu mmoja, aliyehitaji kitu kimoja. Hakuangalia kulia wala kushoto. Wauzaji walimwita, "Nyanya, kuja uone, bei ya kutupa!" Naye, bila kusimama, alijibu kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, kwamba kama ni ya kutupa, watupe. Alipofika kwenye rundo alilolitaka, alitandaza nguo, akalaza kamba juu yake, fundo kwa fundo. Ikipita, tumenunua. Isipopita, tumerudi nyumbani na ndizi mbivu. Na ile nguo mpya ilipoingia mlangoni, ile kuukuu ilitoka kwa mlango uleule, siku ileile.

Sasa, mwaka niliokuwa darasa la nne, mama yangu alipata nimonia. Alilazwa wiki mbili, akarudi mwembamba, na kikohozi kikabaki kifuani kama jiwe kwenye debe. Muuguzi alimwambia nyanya, mimi nikiwa hapo: huyu asipigwe tena na baridi ya asubuhi. Akipigwa, atarudi hapa, na safari hii sijui kama atatoka. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwangalia muuguzi mdomo, nikangoja amalizie kwamba anatania.

Lakini chai huchumwa asubuhi, na chai haimngoji mtu apone. Mama alikuwa na sweta moja nyepesi, na juu yake alijifunika gunia la plastiki la kuzuia umande. Nyanya akaamua: mama anunuliwe koti. Zito, la sufu, la kufika magotini. Mkungu mmoja wa ndizi ulikuwa umekomaa, na huo ndio ulikuwa koti letu. Mwingine ulikuwa bado mchanga kabisa, wa kungoja miezi. Kwa bahati mbaya, goti la nyanya lilivimba wiki hiyo. Siku ya soko akanitwika mkungu kichwani, akanivisha kamba ya mama shingoni kama rozari ya Wakatoliki, akaniambia, "Koti la mama yako. Usirudi na kingine."

Ila hakusema "mama yako." Hapa ndipo mambo yote yalipo. Katika lugha yetu, mama ni *baba*. Ndiyo, baba. Na baba wa Kiswahili, yule mwanamume, sisi tunamwita *tata*. Mtoto wa Kisii huingia shule akiwa na neno moja tu la mama yake, na neno hilo mwalimu wa Kiswahili anasema ni la mwanamume. Mimi nilishaandika insha kuhusu mzazi wangu nikasema, "Baba yangu alininyonyesha miaka miwili." Mwalimu, ambaye alitoka Pwani, aliisoma mbele ya darasa lote, akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Hongera kwa baba." Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nimefundishwa. Sina kisingizio.

Niliuza ndizi vizuri pale kando ya barabara, nikaenda kwenye makoti. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti, mtu wa kutoka ziwani, Mjaluo, ambaye Ekegusii chake kilikuwa cha kusalimia tu. Tulikuwa tukimwogopa, kwa sababu alipiga kelele akiita wateja hadi mbuzi wanageuka. Aliponiangalia, Kiswahili chote nilichofundishwa kikanitoroka.

"Unataka nini, mtoto?"

"Koti."

"La nani?"

Nikasema kile ambacho moyo wangu ulikuwa unasema tangu hospitalini. "La baba. Baba ni mgonjwa."

"Pole sana." Akashuka kwenye beli alilokalia, akanipeleka upande wa pili. Akanitolea koti moja la kijivu, zito kama kondoo aliyelowa, lina mifuko minne. Nikalitandaza nikalaza kamba. Mama yangu alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba vikapu vya chai tangu akiwa msichana. Fundo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu liliishia shubiri moja kabla ya pindo la koti, nikasema si kitu, litamfunika zaidi. Nilipolibeba kurudi mlimani sikuhisi uzito. Nilikuwa nimemponya mama yangu.

Nyanya alilipokea mlangoni, akalinyanyua juu kwa mabega. Akaangalia vifungo. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kipande cha tiketi na kijiti cha kuchokolea meno.

"Hili ni la mwanamume," akasema.

Mama alikuwa amekaa jikoni, akinyoosha mkono. "Nipeni. Ni zito. Linafaa."

"Wewe ni mjane," nyanya akamwambia. "Koti la mwanamume likitundikwa kwenye nyumba hii, kesho tu watu watauliza mwenyewe yuko wapi. Na mimi nitasema ni la nani?"

Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe, la kila Ijumaa. Akalikunja, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akalining'iniza nje chini ya ukingo wa paa la jiko. Halikuwa na mwenyewe, basi halikulala ndani. Mama akaendelea kuchuma chai na gunia lake. Wiki ile nililala na kuamka na kikohozi cha mama. Alikohoa akiwasha moto, akikoroga uji, na alipoteremka shambani niliweza kujua amefika mstari gani wa chai kwa kumsikia tu. Hakunisema hata kidogo. Afadhali angenichapa.

Siku ya soko iliyofuata, nyanya alilifunga goti lake kwa kitambaa, akachukua koti, akachukua kamba, akanishika mkono. Tulipofika alinisukuma mbele. Yeye Kiswahili hakukijua, mama yule wa makoti Ekegusii hakukijua, kwa hiyo daraja lilikuwa mimi, mimi niliyelibomoa.

"Mwambie alikupa koti la mwanamume."

Nikasema, "Nyanya anasema ulinipa koti la mwanamume."

"Si uliniambia la baba?"

"Ndiyo. La baba."

"Na baba si mwanamume?"

"Hapana. Baba ni mama."

Mama yule akamgeukia mwenzake wa viatu. "Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Kwetu mama anaitwa baba!" Nilikuwa nimeanza kulia sasa. "Na baba anaitwa tata, na tata alikufa, na baba anakohoa, na akipigwa na baridi hatatoka hospitali!"

Alicheka hadi akakaa chini. Alicheka, halafu akawa hacheki tena. Kilio changu kilikuwa kimemfikia. Alijipangusa uso kwa leso, akaanza kuchimbua rundo la makoti ya kike. Akatoa la bluu. Nyanya akaliinua juu, jua likapita ndani yake kama chujio. "Yaya," akasema. Akatoa jekundu lenye vifungo vya dhahabu. Nyanya akalipuliza, upepo ukatokea upande wa pili. "Yaya! Yaya!"

"Anataka yaya? Yaya wa kulea nani tena?"

"Hapana. Yaya ni hapana. Anakataa."

"Lahaula! Nyinyi watu, kuna neno lolote mmeliacha mahali pake?" Hata yule wa viatu alikuwa ameacha kuuza, anasikiliza. "Mwambie nyanya yako haya mengine yote ni ya kupigia picha. Lile la kijivu ndilo koti. Kwa nini hataki?"

Nikamweleza, kwa aibu, mambo ya mjane na watu kusema. Halafu akaongea na nyanya moja kwa moja, pole pole, kana kwamba angeelewa.

"Mama, mimi pia nilizika mume. Mwaka wa kwanza nilivaa koti lake hapa hapa sokoni. Watu walisema sana. Lakini baridi haikunipata."

Nikatafsiri. Safari hii sikukosea hata neno moja. Nyanya alimwangalia yule mama kwa muda mrefu, kuanzia kilemba hadi viatu, kama anavyoangalia nguo. Halafu akatoa kamba ya mama shingoni mwake, akaitandaza juu ya koti, akaonyesha kwa kidole ile shubiri iliyozidi chini ya fundo la tatu.

"Likatwe hapa," akasema. "Halafu kile kipande kishonwe ndani. Kifuani. Kiwe mara mbili."

Fundi wa cherehani alikuwa kwenye baraza ya duka la jirani. Mama wa mitumba akatupeleka mwenyewe, akamwamuru akate na kushona bila kutudai kitu kwa sababu yeye ni shemeji yake.

"Shemeji tangu lini?" fundi akauliza.

"Tangu leo asubuhi. Kanyaga!"

Akakanyaga. Bado nausikia mlio wa cherehani ile, na bado namwona nyanya amesimama juu ya kichwa cha fundi, akihakikisha hakuna hata utepe unaoanguka chini. Hakuna kilichobaki. Uzi tu, na uzi huo aliuviringisha kwenye kidole akaondoka nao. Tulipofika nyumbani alimvalisha mama kwa mikono yake, akafunga kifungo kimoja kimoja, akampapasa kifuani pale palipokuwa pazito. "Sasa lina mwenyewe," akasema. Sweta nyepesi ya mama ikatoka mlangoni jioni ileile.

Watu walisema, bila shaka. Asubuhi ya kwanza tu, kwenye kituo cha kupimia majani, jirani mmoja mwenye mdomo akamwita mama mbele ya foleni nzima, "Naona kwenu mmepata mwanamume!"

"Tumepata," mama akajibu, akitua kikapu. "Ana mifuko minne, na hali ugali wa mtu."

Foleni ilicheka hadi karani akasahau kuandika. Na mimi, niliyekuwa nimeshika mkia wa koti, nilisikia mama yangu akicheka pia, kicheko kirefu. Kilikatizwa na kikohozi, lakini alikuwa amecheka.

Nyanya alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nyumba ile ya udongo iliangushwa tulipojenga ya matofali, na misumari ikaenda na mlango. Pale palipokuwa na mitumba Masimba siku hizi kuna maduka ya ghorofa, na kwenye baraza ya fundi wanauza vifuniko vya simu. Yule mama wa ziwani sijui alirudi kwao lini. Sikuwahi kujua jina lake. Hata kamba ya mgomba sijui kuisokota. Nilijaribu Jumatatu ile ile, ikanikatikia mkononi.

Nilichofanya ni kumpigia simu mama. Anaishi Sironga sasa, karibu na mdogo wake.

"Lile koti liko wapi?" nikamuuliza, bila salamu.

"Koti lipi?"

"La kijivu. La sokoni."

"Aa! Lile la baba!" Akacheka. "Nililitoa zamani. Kifua kilipotulia, nyanya yako alilishika Ijumaa moja akaniuliza la nani. Nikachelewa kujibu. Likaenda kwa mlinzi mmoja wa kule kwenye kiwanda cha chai, mama wa zamu ya usiku."

Nikakasirika, wewe. Nikamwambia ile ilikuwa kumbukumbu yetu, angeniwekea, mtu hawezi tu kutoa kitu kama kile!

"Ungelifanyia nini?"

Nikayatazama magunia yangu chini ya kitanda.

"Wewe unakohoa?"

"Sikohoi."

"Basi."

Halafu akahamia habari zake. Ng'ombe amezaa. Chinsaga imeliwa na kuku wa jirani na kuna kesi. Parachichi zinaanguka hakuna wa kuokota, nimletee mtoto aje ale. Niliiweka simu sikioni, nikamwacha aseme. Alisema nusu saa nzima, akapanda, akashuka, akacheka hadi akakosa pumzi, na katika nusu saa yote ile hakukohoa hata mara moja.